Sukari Guru ya Hekaluni

Katika miaka minne ambayo Peninah alimhudumia Madam Ivy, mama huyo alimdanganya mara mbili tu. Uongo wa kwanza ulisemwa Bur Dubai, mezani, wakati wa chai. Wa pili ulisemwa ndani ya msitu wa Sri Lanka, na nusura umuue mwenyewe aliyeusema.

Peninah Mideva alikuwa mtu wa Vihiga, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mrefu, asiyependa kubishana. Aliingia Dubai kama mfagiaji, na mwaka wake wa pili baba yake akafa. Msimamizi alimnyima ruhusa. Mazishi aliyatazama kwenye simu, amesimama ndani ya choo cha wafanyakazi, mtandao ukikatika kila mchungaji alipofungua mdomo. Mkataba ulipoisha akasomea kozi ya kutunza wazee, na hapo ndipo alipopata kazi kwa Nick.

Nick alikuwa bwana wa miaka hamsini aliyefanya kazi katika ofisi ya meli. Mama yake, Ivy, mjane wa miaka sabini na tisa, alikataa katakata kuhamia kwa mwanawe. Aliishi ghorofa ya tano, juu ya maduka ya vitambaa, katika nyumba ileile aliyoingia akiwa bibi harusi miaka hamsini na moja iliyopita. Moyo wake ulikuwa dhaifu na sukari ilimsumbua. Kazi ya Peninah ilikuwa sindano ya insulini asubuhi na jioni, kipima sukari, mashine ya presha, vidonge vya rangi tano, na kumshika mkono kwenye lifti ambayo ilikuwa na tabia ya kusimama kabla ya kufika. Walizungumza Kiingereza chao cha Dubai, cha kuokota maneno huku na kule. Ivy alimwita Peni. Peninah alimwita Madam, na Nick aliitwa sir.

Mwezi wa kwanza ikaja barua kutoka Sri Lanka. Ivy aliisoma mara tatu, akavua miwani, akaifuta, akaisoma barua tena.

"Ni kaka yangu," alisema. "Ni mtawa wa Kibudha. Anaishi kwenye hekalu la zamani sana, ndani ya msitu. Anaumwa."

"Pole, Madam. Tumpigie simu?"

"Hatujaongea miaka thelathini na minane."

Kisa chenyewe alikisimulia kidogo kidogo, kwa siku kadhaa. Wazazi wake walikuwa Wabudha. Yeye akaolewa na Mkatoliki, akamfuata Dubai. Mama yao alipokuwa akifa, Ivy alikuwa na mimba ya mtoto wa pili, daktari akamkataza kupanda ndege. Mimba hiyo haikufika mwisho, na mama akazikwa bila yeye. Kaka yake akamwandikia mistari minne tu, ya kumwambia kwamba mama alilitaja jina lake hadi mwisho na hakuna aliyeitika. Ivy hakuijibu barua ile.

Nick alipoambiwa kuhusu safari alikataa palepale. "Mama, huko hakuna hospitali. Daktari amesema usipande hata ngazi za duka. Khalas, tusilizungumze tena." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtoto pekee, na kila simu iliyolia alfajiri ilimtoa jasho.

Mwezi wa pili Nick akasafiri kikazi kwenda Singapore, siku kumi. Siku ya pili yake Ivy akamwita Peninah mezani.

"Nick amekubali," alisema, akimsogezea kikombe. "Tunakwenda Sri Lanka, siku nne. Tiketi zipo tayari, na visa yako wakala ameshaishughulikia."

"Amekubali lini, Madam?"

Ivy akamwonyesha simu. Ujumbe wa Nick ulisomeka: Sawa Mama, fanya unavyoona vizuri. Peninah hakuona ujumbe uliotangulia, ambao ulihusu mapazia ya sebuleni.

Jumapili, siku yake ya mapumziko, alikwenda Al Nahda kwa rafiki yake Carolyne, aliyekuwa mlinzi kwenye jengo la ofisi na aliyekodi kitanda katika chumba cha wanawake sita. Carolyne alikuwa anapiga pasi shati la kazi.

"Wewe Mkristo wa kanisa la Friends kabisa, utaingia hekalu la masanamu?"

"Nitakaa mlangoni. Mimi nafuata mgonjwa, sifuati sanamu."

"Na Nick? Umeiona hiyo message ama umeonyeshwa?"

Neno hilo lilimkaa Peninah. Akamwandikia Nick mwenyewe: Sir, safari njema. Nitamtunza Madam vizuri. Nick akajibu kwa kidole gumba. Peninah akashusha pumzi. Hakufikiri kwamba Nick naye alikuwa safarini, na kwamba mtu aliye safarini akitakiwa safari njema hudhani ni yake.

Walitua Colombo Jumatano. Dereva aliyepangwa na Ivy, mzee mwembamba aitwaye Wasantha, aliwaendesha saa tano hadi nyumba ya wageni iliyokuwa pembeni mwa msitu. Asubuhi yake ilikuwa siku ya mwezi mpevu, ambayo Wabudha wa huko huitukuza. Ivy alivaa nguo nyeupe tupu. Peninah naye akavaa blauzi nyeupe aliyopewa, akahisi kama anakwenda kubatizwa upya asikotaka. Alimpima mama sukari, akamdunga insulini, akasimama kando yake mpaka akamaliza kula mkate na yai. Chakula cha mchana, wali na dengu, kilifungwa kwenye jani la mgomba, na Ivy akasema atakibeba mwenyewe. Peninah alitia kwenye mfuko wa plastiki ndizi, maji ya matunda, biskuti na glukosi. Mfuko huo ndio uliokuwa uhai wa mama sukari ikishuka.

Wasantha alisimamisha gari pale barabara ilipoishia. "Ngazi ni mia nne na ushee," alisema. "Pandeni polepole. Lakini saa kumi jioni muwe mmeshuka. Baada ya hapo njia hii ni ya tembo." Akawaonyesha fataki alizoziweka chini ya kiti kwa ajili ya kuwatisha hao tembo.

Ngazi zilichongwa kwenye mwamba wenyewe, zimelika katikati kwa nyayo za watu wa miaka elfu mbili. Miti ilifunga anga. Kulinuka majani yaliyooza, na ruba walikuwa wakijivuta kwenye mawe kama vijiuzi vyeusi vyenye njaa. Peninah alimfunga mama mkanda wa kiunoni, ule wanaotumia kuwashika wagonjwa. Ngazi kumi, kupumzika. Ngazi kumi, kupumzika. Kila baada ya thelathini alishika kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo. Tisini. Tisini na sita. Mia na nne.

"Tukae, Madam."

"Nikikaa sitainuka."

"Tukae."

Walikuwa kwenye ngazi ya mia mbili hivi simu ya Peninah ilipolia. Akaona jina, akatabasamu.

"Sir, habari za—"

"Mama yangu yuko wapi?"

Sauti haikuwa ya Nick anayemjua. Peninah akasogea pembeni, akauweka mfuko juu ya jiwe.

"Tuko hekaluni, sir. Kwenye ngazi."

"Hekalu gani? Nimerudi mapema, nimefungua mlango, nyumba tupu! Jirani ananiambia mmekwenda na masanduku. Nani amekuruhusu kumtoa mama yangu nje ya nchi?"

"Wewe, sir. Nimeona ujumbe wako."

"Ujumbe gani? Sikiliza. Umemchukua mgonjwa wa moyo ukampandisha mlimani. Mshushe sasa hivi. La sivyo naripoti umetoroka kazini na umemwiba mama yangu, na ukitua uwanjani utakuta wanakungoja. Umenielewa?"

Peninah alijua maana ya maneno hayo kama anavyojua kila mfanyakazi wa Dubai. Nick ndiye kafeel wake, mdhamini wa kibali chake. Neno lake moja lingemfungia mlango wa nchi, pengine na wa jela. Kabla hajajibu alisikia nyuma yake sauti ya plastiki ikichanika. Tumbili wawili walikuwa wameushika mfuko. Akapiga kelele, akawakimbilia, mkubwa akamkenulia meno na kupanda mti na mfuko mzima. Glukosi, ndizi, kila kitu. Karatasi ya biskuti ikaanguka peke yake.

Simu ilikuwa imekatika. Aligeuka. Ivy alikuwa ameketi kwenye ngazi, mikono magotini, anatazama chini.

"Madam, Nick hajui."

"Hajui."

"Ulinionyesha ujumbe."

"Ulikuwa wa mapazia."

Peninah hakuwahi kumpandishia mtu mzima sauti tangu azaliwe. Siku hiyo alipandisha. "Mimi nina watoto wawili! Nina miaka sita Dubai bila doa! Ungeniambia ukweli!"

"Ningekuambia ukweli ungekuja?"

"Nisingekuja!"

"Basi unaona," alisema Ivy, bila kiburi, kama mtu aliyechoka sana. "Shuka, Peni. Mwambie Nick nimekukimbia. Mimi nitapanda kwa magoti."

Akaanza kweli. Akaweka goti moja kwenye ngazi, na mkono, na goti la pili. Peninah alisimama akimtazama kizee yule wa nguo nyeupe akitambaa juu ya mwamba. Hasira ilikuwa imemjaa mpaka shingoni. Akafikiria kushuka. Kushuka kungekuwa utii, na utii ungemwokoa. Kisha akakumbuka harufu ya dawa ya choo siku ile ya mazishi, na mchungaji akikatikakatika kwenye kioo. Alipanda ngazi tatu, akaushika mkanda, akamwinua.

"Sijakusamehe," alisema.

"Sawa."

"Ukifika juu unampigia Nick mwenyewe."

"Sawa."

Walifika saa tano na nusu. Hekalu lilikuwa pango pana chini ya mwamba mkubwa. Juu ya mdomo wa pango watu wa kale walichonga mfereji kwenye jiwe ili mvua isiingie ndani, na chini ya mfereji kulikuwa na ukuta uliopakwa chokaa na mlango wa mbao. Ndani, gizani, sanamu ndefu ya Budha ilikuwa imelala ubavu, rangi ya kifuani imebanduka, macho yamefunguka nusu. Mbele yake taa za mafuta na meza ya sadaka. Peninah alivua viatu, akasimama kizingitini, wala hakuvuka. Alisema Baba Yetu kimoyomoyo, haraka haraka.

Simu haikushika mtandao kabisa pale juu.

Kaka yake Ivy alikuwa kwenye chumba kidogo pembeni mwa pango, amelala kwenye kitanda cha kamba, vazi la rangi ya kutu limemfunika mwili uliobaki mifupa. Mzee mmoja mtunza hekalu alikuwa akimpepea. Ivy akapiga magoti sakafuni, akainamisha kichwa mpaka chini mara tatu, kama desturi inavyotaka hata kwa dada. Kwa desturi hiyohiyo hakuweza kumgusa. Mwanamke hamgusi mtawa, awe dada au mama.

Walizungumza lugha yao. Peninah hakuelewa neno, ila aliona. Kisha mtawa akasema kitu kifupi, na Ivy akafunika uso. Mtawa akageuza macho kwa Peninah, akasema kwa Kiingereza cha shule ya zamani, kila neno likiwa limenyooka:

"Nimemwambia barua ile ilikuwa ya kijana mwenye hasira. Mimi ndiye niliyemnyima mama jibu. Ningeweza kumwambia mama kwamba binti yako yuko njiani. Sikumwambia."

Peninah akainama kidogo.

"Umekula?" mtawa akamuuliza.

Ivy akalifungua lile jani la mgomba, akaliweka kwenye bakuli la kaka yake kwa mikono miwili, kwa kuwa watawa hawali baada ya adhuhuri na muda ulikuwa unakwisha. Peninah akashtuka.

"Madam, hicho ni chakula chako. Mfuko umeibiwa."

"Nitakula jikoni na mtunza hekalu. Kuna wali." Akaenda huko nyuma, akarudi baada ya dakika kumi akijifuta mdomo. "Nimekula," alisema.

Huo ndio uongo wa pili. Jikoni kulikuwa na sufuria tupu. Na Ivy alikuwa ameweka nadhiri asubuhi, bila kumwambia mtu: siku ile ya mwezi mpevu asitie chakula kinywani baada ya adhuhuri.

Saa nane Peninah alisema washuke. Ivy akaomba nusu saa. Saa nane na nusu akaomba tena. Wingu lilikuwa limeshuka juu ya miti na msitu ulikuwa umenyamaza kwa namna isiyopendeza. Peninah aliinama amshike mkono amwinue, na mkono ulikuwa umelowa jasho, baridi kama samaki.

"Madam?"

Ivy alimtazama kama hamjui. Midomo ilikuwa inatetemeka. Akasema kitu kwa lugha ya utotoni, akacheka kidogo, kichwa kikaanguka kifuani.

Kipima sukari kilikuwa kwenye mkoba wa kiunoni. Kwa haraka ya Peninah tone la kwanza la damu lilimwagika. La pili lilisoma mbili nukta moja, chini mno.

"Sukari!" alipaza sauti. "Kuna sukari? Asali? Soda? Chochote kitamu!"

Mtunza hekalu alitikisa kichwa, hakuelewa. Peninah akakimbilia jikoni, akafunua sufuria, akaona wali hakuna, sukari hakuna, na hapo akaelewa kila kitu. Akarudi mbio. Ivy alikuwa amelala ubavu, kamasi na mate yakimtoka. Dakika chache, alijiambia, nina dakika chache tu.

Akakumbuka meza ya sadaka. Waumini wa alfajiri walikuwa wameacha vitu. Alivuka kizingiti bila kujua kwamba amevuka, akapita mbele ya sanamu, akapiga teke taa moja ya mafuta, na juu ya meza, katikati ya maua, akaona vipande vya rangi ya kahawia kwenye sahani. Vilikuwa sukari guru, ileile wanayoipika Kakamega, jirani na kwao, kutokana na miwa, ingawa hii ilitokana na mti mwingine. Akavinyakua.

Mtunza hekalu alimfuata akipiga kelele, akamshika mkono. Kuiba sadaka ya Budha, mbele ya uso wake, siku takatifu! Peninah akajikwamua kwa nguvu. Mzee akamshika tena blauzi, ikachanika begani.

Sauti ikatoka chumbani, kali kuliko mtu angetarajia kutoka kwenye mwili ule. Neno moja. Mtunza hekalu akaachia.

Peninah alipiga magoti, akasaga kipande cha sukari guru kwa maji kidogo kwenye kiganja, akamfungua mama mdomo. Ivy alikuwa bado na fahamu ya kutosha kukaza meno. Aligeuza uso. Akatikisa kichwa.

"Anakataa!" Peninah akalia, akimwita mtawa kwa jina la heshima alilolisikia kwa Ivy. "Bhante, anakataa, kwa nini anakataa?"

Mtawa alikuwa amejiinua kwa kiwiko. Alimtazama dada yake, akaelewa. "Nadhiri. Hali baada ya adhuhuri," alimwambia Peninah. Akasema na dada yake kwa lugha yao, polepole, mara moja, mara mbili. Ivy hakulegea. Ndipo mzee yule aliyeishi miaka sitini bila kumgusa mwanamke aliponyoosha mkono wake wa mifupa, akamshika dada yake taya.

Meno yakaachana. Peninah akapaka ule uji wa sukari kwenye fizi, kwenye shavu kwa ndani, chini ya ulimi, kidogo, kidogo, asije akamkaba. Akasubiri. Akapaka tena. Nje tawi kubwa lilivunjika mbali msituni, mtunza hekalu akageuka kusikiliza. Baada ya dakika kumi na mbili Ivy alimeza mwenyewe. Baada ya ishirini akafungua macho, akasema, "Peni, mbona blauzi yako imechanika?"

Peninah aliketi sakafuni, akalia kwa sauti, kama mtoto.

Kipimo kilisoma sita nukta nane walipoondoka, saa kumi kasoro. Mtunza hekalu alipiga kengele kubwa, na wanaume wawili waliokuwa wakifyeka njia upande wa pili wa kilima wakaja wakambeba Ivy kwenye kiti cha plastiki. Kwenye ngazi ya hamsini kutoka chini wote walisimama. Kulikuwa na harufu ya mnyama, na majani yalitikisika upande wa kushoto ingawa upepo haukuwepo. Walingoja, kiti kikiwa mabegani. Chini barabarani Wasantha akalipua fataki moja. Kitu kizito kikasogea, kikasogea tena, mtetemo wake ukafifia. Waliteremka wakikimbia.

Simu ilipata mtandao garini. Jumbe kumi na saba za Nick. Peninah akapiga kabla Ivy hajaomba, akamweleza yote: mapazia, ngazi, tumbili, nadhiri, sukari mbili nukta moja. Hakuficha hata alipokosea. Kisha akampa Ivy simu, wakazungumza kwa lugha yao muda mrefu. Ivy aliporudisha simu, Nick alikuwa ameshakata.

Siku mbili zilizobaki hazikuwa na neno kutoka kwake. Carolyne alituma ujumbe wa sauti: "Peni, wacha mchezo. Huyo jamaa akishareport, ni ban, mama. Ukitua kaa karibu na huyo Madam kama gundi."

Kwenye uwanja wa ndege wa Dubai, Peninah aliikabidhi pasipoti, akatazama kamera kama alivyoelekezwa. Ofisa akatazama kioo chake, akamtazama yeye, akatazama kioo. Akamwambia asogee, atazame tena. Mara ya tatu. Akamwita mwenzake. Wawili wakainamia kioo wakizungumza Kiarabu. Ivy alikuwa ameshapita, kwenye kiti cha magurudumu, anageuza shingo. Peninah aliwaza watoto wake, Ivan na mdogo wake, ataanza kuwaeleza kutoka wapi.

"Kamera mbovu," ofisa wa pili akasema. Akagonga muhuri. "Yalla, khalas. Pita."

Nick alikuwa akingoja nje, hajanyoa. Alimkumbatia mama yake kwanza. Kisha akasimama mbele ya Peninah, naye Peninah akaushika mpini wa sanduku kwa mikono miwili.

"Nilijaza ile ripoti," Nick alisema. "Nikaiandika yote kwenye simu. Ilibaki kuituma. Uliponipigia toka garini ndipo nikaifuta. Siku mbili nilishindwa kukuandikia kwa aibu."

"Mimi sikulala siku mbili, sir."

"Najua."

"Hujui, sir," alisema Peninah. Ilikuwa mara ya pili katika maisha yake kumjibu mkubwa hivyo, na mara zote mbili ndani ya wiki moja.

Walikwenda nyumbani. Mezani Peninah hakuketi. Alisema atarudi kazini kwa sharti moja, na sharti lenyewe hakutaka liandikwe. Alitaka Madam aseme mbele ya mwanawe, kwa mdomo wake, ni nani aliyedanganya na ni nani aliyedanganywa. Ivy alikuwa mwanamke wa kujivuna. Alichezea ukingo wa kitambaa cha meza muda mrefu. Nick alifungua mdomo amsaidie, Peninah akainua kiganja kumzuia.

"Nilimdanganya Peni," Ivy akasema mwishowe. "Mara mbili. Na mara zote mbili yeye ndiye aliyelipa."

Habari ya kifo cha mtawa ilikuja wiki tano baadaye. Ivy aliwasha taa ndogo ya mafuta dirishani, juu ya kelele za maduka ya vitambaa, akamwomba Nick aketi naye. Nick hakujua cha kufanya na mikono yake. Baada ya muda alimgeukia Peninah aliyekuwa akiandaa sindano ya jioni.

"Mjomba wangu," alisema. "Mimi sikumwona hata siku moja. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Peninah akafikiri.

"Cha kwanza alichoniuliza ni kama nimekula," alisema, akavuta kiti, akaanza kumsimulia.